Turufu au garasa? Majibu kwa wanaocheza Magic

Katika toleo hili nimeziweka pamoja barua nne zinazouliza jambo moja kwa njia mbalimbali: karata moja moja katika mchezo wa Magic: The Gathering hupimwaje, na mtu atajuaje kama aliyoishika ni turufu au ni garasa? Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, yatosha kusema kwamba wachezaji wawili hukaa wakikabiliana, kila mmoja na deki aliyoipanga mwenyewe, isiyopungua karata 60, na nakala za jina moja zisizozidi 4, ukiacha ardhi za msingi. Kila mmoja huanza na uhai 20 na karata 7 mkononi. Katika zamu yake huvuta karata 1 na huweza kushusha ardhi 1. Ardhi hutoa mana, na mana ndiyo sarafu ya kulipia viumbe na karata nyinginezo. Uhai wako ukifika 0, umeshindwa.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi na wenzangu watatu hapa Arusha tunacheza Magic kwa karata alizotuachia mjomba wangu, na kila Jumamosi tunabishana. Lightning Bolt hulipiwa mana 1 nyekundu na humpiga mchezaji au kiumbe yeyote pigo la 3. Healing Salve hulipiwa mana 1 nyeupe, nayo huongeza uhai 3 au huzuia madhara 3. Mimi nasema karata hizi ni sawa, kwa kuwa moja inaondoa tatu na nyingine inarudisha tatu. Wenzangu wananicheka. Tena wananikataza kuweka Shivan Dragon wanne katika deki yangu, ilhali ndiye kiumbe mkubwa kuliko wote tulio nao. Nani mwenye haki?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wamesema kweli, ila wasikucheke, kwa maana hesabu uliyoifanya imo ndani ya mchezo tangu siku mchezo wenyewe ulipozaliwa. Richard Garfield, mwanahisabati wa Kimarekani, alipoutoa mchezo huu mwaka 1993 kupitia kampuni ya Wizards of the Coast, seti ya kwanza, yenye karata 295, ilikuwa na karata tano zilizofinyangwa kwa udongo mmoja, moja kwa kila rangi: lipa mana 1, upate tatu za kitu fulani. Mbili unazo tayari. Ya kijani, Giant Growth, humwongezea kiumbe nguvu 3 (yaani pigo analotoa) na uimara 3 (yaani pigo linalotosha kumuua) hadi zamu iishe. Nyeusi, Dark Ritual, hutoa mana nyeusi 3. Ya buluu, Ancestral Recall, humvutisha mchezaji karata 3. Ukizisoma, zinafanana kama Kulwa na Doto. Zikifika mezani, haziwezi hata kukaa jamvi moja. Ancestral Recall ina nguvu mno kiasi kwamba katika mtindo wa Vintage (kila mtindo wa mashindano una orodha yake ya karata zinazoruhusiwa), ambako karata za zamani huruhusiwa karibu zote, mchezaji haruhusiwi kuwa na zaidi ya nakala 1, na katika mtindo wa Legacy imepigwa marufuku kabisa. Lightning Bolt ni karata ambayo wachezaji wamekuwa wakiitafuta kwa zaidi ya miaka 30. Healing Salve ilichapishwa tena na tena katika seti za msingi, na hata hivyo mshindani makini haiweki katika deki yake.

Sababu yake utaiona vizuri tukikaa mezani kwenu Jumamosi. Tuseme una uhai 6, huna kiumbe hata mmoja, na mpinzani wako ana kiumbe mmoja mwenye nguvu 3 na uimara 3 anayekushambulia kila zamu. Karata pekee uliyobaki nayo ni Healing Salve. Anakupiga, unaitumia, unabaki na 6. Zamu inayofuata anakupiga tena, unabaki na 3. Zamu ya tatu umekwisha. Bila karata hiyo ungekwisha zamu moja mapema zaidi. Kwa hiyo ilichokununulia ni zamu moja, na yule kiumbe bado amesimama palepale. Sasa badala yake shika Lightning Bolt. Kiumbe yule anakwenda makaburini leo hii, na mapigo yote ambayo angekupiga baadaye, yawe mawili au manane, hayapo tena. Zaidi ya hapo, mpinzani amepoteza karata 1 kwa karata yako 1, na huenda aliilipia mana 3 ilhali wewe umelipa 1. Na kama mambo yangekuwa kinyume, yaani yeye ndiye aliyebaki na uhai 3, Lightning Bolt ingemaliza mchezo, na Healing Salve ingebaki mkononi mwako ikitazamwa tu.

Ili nisiidhulumu karata nyeupe, niseme kwamba iko saa yake. Ukiwa na kiumbe wa nguvu 3 na uimara 3, na mpinzani akakushambulia kwa kiumbe kama huyo, wako akamzuia, Healing Salve itamkinga wa kwako na yule wa mpinzani atakufa peke yake. Hapo imefanya kazi ileile ya Lightning Bolt. Lakini hesabu masharti: uwe na kiumbe, mpinzani akubali kushambulia, nguvu za viumbe zilingane, naye asiwe na jibu la kuvuruga mpango wako. Giant Growth ina udhaifu uleule, ingawa yenyewe angalau huweza pia kuongeza pigo ukiwa wewe ndiye unayeshambulia. Unapoipima karata, basi, usiishie kuuliza inatoa kiasi gani. Uliza ni katika hali ngapi za mezani itakuwa na kazi, na kazi hiyo itadumu kwa muda gani baada ya karata yenyewe kuondoka.

Ancestral Recall inazipita zote kwa sababu haina hali inayoikwaza. Ukiwa umezidiwa, inakuletea karata tatu za kujiokoa. Ukiwa unaongoza, inakuletea tatu za kumalizia. Ukikosa ardhi, huenda ikakuletea ardhi. Waundaji walikuwa wamelihisi jambo hilo tangu mwanzo, kwani nne kati ya zile tano walizichapa kuwa karata za kawaida, na hii moja wakaifanya adimu. Dark Ritual iko katikati: ikikujia katika karata saba za kwanza hukuwezesha kushusha zamu ya kwanza kitu ambacho wengine watakishusha zamu ya tatu, ila ikikujia zamu ya kumi huna karata nyingine mkononi, ni garasa tupu.

Hili si geni kwetu sisi tuliokua tukicheza karata barazani. Ree ya kopa ni karata kubwa, lakini turufu ikiwa shupaza, shupaza ndogo kabisa huiangusha. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye jamvi akaihesabu ree kabla ya kuuliza turufu ni nini.

Kuhusu joka lako, nalipenda pia. Shivan Dragon anaruka, ana nguvu 5 na uimara 5, na kila mana nyekundu unayoongeza humzidishia nguvu 1. Tatizo lake ni mana 6. Ukiwa na ardhi 24 katika karata 60, kama ilivyo desturi, na wewe ndiwe uliyecheza wa pili, hadi zamu yako ya sita utakuwa umeona karata 13, na kwa wastani ardhi 5 na kidogo kati yake. Maana yake ni kwamba mara nyingi ardhi ya sita haijafika wakati unapoihitaji. Ukiwa na majoka manne, utajikuta mara kwa mara umeshika mawili huku ukipigwa na viumbe wadogo wa mana 2 ambao huna cha kuwajibu. Weka mmoja, au wawili wakizidi, na nafasi zinazobaki uzipe karata zitakazokufikisha hai hadi siku ya joka.

Usiniamini kwa maneno tu. Chukua karata unayoishuku, iweke katika deki, mcheze michezo kumi, na kila inapokujia mkononi andika katika daftari neno moja: ulifurahi kuiona, au ulitamani iwe nyingine. Kama karata unayotaka kuijaribu hamna, andika jina lake kwenye kipande cha karatasi na ukibandike juu ya ardhi ya ziada. Kwa michezo ya nyumbani hakuna atakayelalamika. Mimi mwenyewe kwa njia hiyo nimeachana na karata nyingi nilizokuwa nimezipenda kwa picha zake.

SWALI: Ndugu mwandishi, nimepata Necropotence, na nikiisoma naona kama ni adhabu. Inalipiwa mana nyeusi 3. Inaninyima kuvuta karata ya kila zamu. Kisha inaniambia nikitaka karata nilipe uhai 1 kwa kila moja, na hata hiyo niliyoilipia siipati hadi mwisho wa zamu yangu. Mtu mzima ananiambia ni miongoni mwa karata kali kuliko zote. Je, ananidhihaki? Msomaji wa Mombasa.

JIBU: Hakudhihaki, ndugu yangu. Kilichokushtua wewe kiliwashtua wengi karata hiyo ilipotoka katika seti ya Ice Age mwaka 1995. Waliiona inanyang'anya, wakaipita. Mwaka uliofuata deki zilizojengwa juu yake zilitawala mashindano kiasi kwamba wachezaji bado wanayakumbuka majira yale ya joto kwa jina la Black Summer. Leo katika mtindo wa Legacy ni marufuku.

Kosa lilikuwa katika kuuthamini uhai. Mtu huona 20 pale juu akahisi kila moja inayopungua ni jeraha, kumbe sheria za mchezo haziangalii chochote ila ile ya mwisho. Mwenye uhai 1 hushinda sawasawa na mwenye uhai 20. Kwa hiyo 19 za kwanza ni akiba, na akiba huwekwa ili itumike. Fanya hesabu ya zamu moja: umeshusha Necropotence, una karata 2 zilizobaki mkononi, na uhai wako bado ni 20. Unalipa 5. Mwisho wa zamu una karata 7 na uhai 15. Kwa njia ya kawaida, karata hizo tano zingekuchukua zamu tano kuzivuta. Umenunua zamu tano kwa bei isiyofika mapigo mawili ya yule kiumbe wa nguvu 3 tuliyemwona Arusha, na zamu ijayo unaweza kununua tena.

Hapo barua yako inakutana na ya kijana aliyetangulia, na ndipo mahali ninapopapenda kuliko pengine popote katika mchezo huu. Kama uhai 1 unanunua karata 1, basi karata inayokupa uhai 3 inakupa, kwa njia ya mzunguko, karata 3. Ghafla kuongeza uhai, jambo tuliloliona dogo, linakuwa karibu sawa na Ancestral Recall, na sababu pekee ni jirani aliyekaa naye mezani. Wenye deki za Necropotence walilijua hilo. Hawakutumia Healing Salve, kwa kuwa nyeupe haikai vizuri na karata inayodai mana tatu nyeusi, ila walitumia Drain Life, karata nyeusi inayompiga mpinzani na kukurudishia wewe uhai kwa kiasi cha pigo.

Ipo siku itakuangusha. Mpinzani mwenye deki nyekundu ya haraka, aliyejaza Lightning Bolt, atakuombea ununue karata nyingi, maana kila uhai unaoulipa ni kazi umemfanyia yeye. Vilevile ukiishusha ukiwa umebaki na uhai 4 huna tena fedha ya kununulia kitu, na umekwisha kujinyima karata ya kila zamu. Ishushe mapema, kwenye deki nyeusi peke yake, na ujiwekee kiwango cha uhai ambacho hutakishuka.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Nairobi. Nimegundua Splinter Twin nikiiweka juu ya Deceiver Exarch ninashinda hapohapo: Splinter Twin humfanya kiumbe ajinakili, nakala ya Deceiver Exarch ikiingia humwamsha yule wa kwanza, yaani humwezesha kutumika tena, naye hujinakili tena, bila kikomo. Kwa nini basi nisijaze deki yangu jozi za namna hii?

JIBU: Hukuigundua wewe wa kwanza, lakini umeigundua peke yako, na hilo ni la kupongezwa. Jozi hiyo ilisumbua hadi Splinter Twin ikapigwa marufuku katika mtindo wa Modern Januari 2016, na ikaruhusiwa tena Desemba 2024.

Tatizo la jozi ni hesabu. Ukiwa na nakala 4 za karata moja katika deki ya 60, uwezekano wa kuwa nayo katika karata 7 za kwanza ni asilimia 40. Uwezekano wa kuwa na zote mbili, kila moja ikiwa na nakala 4, ni kama asilimia 15. Hata ukisubiri hadi umeona karata 11, unafika asilimia 31 tu. Katika mingi ya michezo inayobaki utakuwa na nusu ya mpango, na nusu hiyo lazima ijitetee yenyewe. Deceiver Exarch anajitetea: anashuka hata katika zamu ya mpinzani, anamlaza kiumbe au ardhi yake isitumike kwa wakati huo, na uimara wake wa 4 unamwezesha kuzuia mashambulizi na hata kuhimili Lightning Bolt. Splinter Twin peke yake haina la kufanya. Jozi yenye kipande kimoja kinachojitegemea inavumilika. Jozi ambayo vipande vyote viwili ni garasa vikitengana, iache.

SWALI: Mimi ni mama, naishi Toronto. Mwanangu wa miaka 13 hucheza Magic kila Ijumaa kwenye duka la michezo karibu na kwetu. Wiki iliyopita mwenzake alitaka kumpa karata moja yenye alama ya dhahabu kwa karata zake nane zenye alama nyeusi. Alinipigia simu kuniuliza, nami sikujua la kumwambia. Nifanyeje nisije nikamshauri vibaya?

JIBU: Dada yangu, pongezi kwanza kwa kijana anayempigia mama yake simu kabla ya kufanya biashara.

Rangi ya alama ile, ambayo imekuwa ikitumika tangu mwaka 1998, inaeleza jambo moja tu: karata hupatikana kwa wingi gani ndani ya pakiti. Nyeusi ni za kawaida, rangi ya fedha ni za wastani, dhahabu ni adimu, na tangu mwaka 2008 ipo rangi ya machungwa kwa zile adimu zaidi. Haisemi kwamba karata ni nzuri. Lightning Bolt, niliyoisifu hapo juu, ilianza kama karata ya kawaida, na katika kila seti zimo karata za dhahabu ambazo hakuna anayezicheza.

Bei nayo ni jambo la tatu, mbali na wingi na mbali na manufaa. Mwaka 1996 kampuni ilitangaza orodha ya karata za zamani ambazo iliahidi kutozichapa tena, na baadhi ya karata za orodha hiyo zinauzwa ghali ingawa mezani hazina makali, kwa sababu tu wakusanyaji wanazigombania. Kwa hiyo kabla ya kubadilishana, mwombe atazame bei za pande zote mbili. Maduka mengi yanazo kwenye tovuti zao, na ni kazi ya dakika tano. Lengo hapo ni kuhakikisha hakuna anayemdhulumu mwenzake, wala si kuchagua karata.

La manufaa, muulize maswali mawili. La kwanza: hiyo karata mpya itaingia katika deki yako ipi? La pili, ambalo ndilo gumu: ili iingie, ni karata gani itakayotoka? Mtoto aliyevutiwa na dhahabu atasema kwamba ataitafutia nafasi baadaye. Aliyeipima kweli atakutajia jina papo hapo na sababu yake, pengine kwa maneno mengi kuliko utakayoyaelewa. Akiitaja karata itakayotoka, na zile nane kweli hazitumii, mwache abadilishe.